Panya wa Januari

Kama ni haki kuua panya au la, hilo si swali linalomkosesha mtu usingizi mtaani kwetu. Kinachotukosesha usingizi ni panya mwenyewe. Kwa hivyo sitaanza na hilo. Nitaanza na swali ambalo sijasikia mtu akiliuliza, na ambalo nadhani ndilo zito zaidi: ni lini? Tukishakubaliana kwamba panya lazima wapunguzwe, ni mwezi gani kuwaua kuna maana, na ni mwezi gani tunawaua bure?

Najua linasikika kama swali la mtu asiye na kazi. Ni kweli kazi zangu ni za kuokoteza: leo naandika maelezo ya viatu vya mtu anayeuza Instagram, kesho natafsiri fomu ya mtu mwingine. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Lakini kabla ya hapo nilisoma somo la maadili muhula mzima, na nilichobaki nacho ni tabia ya kuuliza maswali kama haya wakati wengine wanatafuta fimbo.

Mtu wa kwanza kunifanya nifikirie hili ni muuza dawa. Unamjua. Ana kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, hadi watoto wanaimba naye. Huyu jamaa ana kalenda. Februari unaweza kukaa wiki mbili bila kumsikia. Aprili anapita asubuhi na jioni, na pakiti ya shilingi 50 inaisha kabla hajafika mwisho wa barabara. Agosti anapotea tena. Novemba huyo amerudi. Hajasomea wanyama. Anachokijua ni sisi: anajua ni mwezi gani tunaumwa, na anakuja na dawa siku hiyo.

Kalenda yake inafuata mvua. Nairobi hupata mvua ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua inafanya mambo mawili kwa panya. Kwanza inamfukuza. Mitaro inafurika, mashimo yanajaa maji, marundo ya taka yanasombwa, na panya anatafuta pakavu. Pakavu ni darini, ni stoo ya mama mboga, ni chini ya kitanda chako. Pili, mvua inamlisha. Majani yanaota, mbegu na wadudu wanaongezeka, maficho yanakuwa mengi. Panya unayemwona jikoni Aprili ni mmoja kati ya wawili: amehamishwa na maji, au amezaliwa juzi. Mara nyingi wote wawili wako ndani kwako kwa wakati mmoja.

Shambani jambo hili limechunguzwa sana. Huko Morogoro, Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao kutoka Ubelgiji wamemfuata panya wa mashambani kwa miongo kadhaa, yule wanasayansi wanayemwita Mastomys natalensis. Waliona kwamba uzazi wake unaamka mvua inapoamsha nyasi, na kwamba mvua ikianza mapema na kwa wingi unaweza kutabiri mlipuko wa panya miezi kadhaa kabla haujafika. Waliona pia kwamba mkulima kwa kawaida hununua sumu akishaona mahindi yameliwa. Yaani anaanza vita siku ambayo ameshashindwa.

Mjini wimbi hilo ni dogo kidogo, kwa sababu jaa la taka halina kiangazi. Nairobi inazalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, nyingi zikiwa mabaki ya vyakula, na si zote zinafika Dandora. Panya wetu wanaweza kuzaa mwaka mzima, mradi kuna maganda ya ndizi na ugali uliomwagwa. Lakini hata hapa miezi mikavu inawabana. Maji ni ya shida, nyasi za kujificha zimekauka, na waliopo ni wachache kuliko watakaokuwapo. Ndiyo maana wanaojua kazi hii, katika nchi nyingi, wanakwambia kitu kile kile: fanya kazi kabla ya msimu wa kuzaa, si katikati yake. Ulaya na Marekani wanasema mwisho wa baridi, kabla ya majira ya kuchipua. Sisi tungesema Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba.

Sasa piga hesabu na mimi. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi. Mara nyingi huzaa watoto sita hadi wanane, na anaweza kushika mimba nyingine siku chache tu baada ya kuzaa. Watoto wake nao wakifika miezi mitatu hivi wako tayari. Tuseme mwisho wa Januari kuna jike mmoja darini kwako. Mwisho wa Aprili ameshazaa mara tatu. Kwenye karatasi hao ni kama ishirini, na wa kwanza wao wanakaribia kuwa wazazi. Katika maisha ya kweli wengi hufa mapema, lakini umeelewa mwelekeo. Anayeua Januari anaua mmoja. Anayengoja Aprili itabidi aue ishirini ili apate usiku ule ule wa kimya.

Mtu anayesema hajali panya, basi ajali hesabu. Na mtu anayesema anajali wanyama, hesabu hiyo inamhusu zaidi. Mara nyingi tunadhani mwenye huruma ni yule anayechelewa kuua, yule anayesema "waache tu, hawajanikosea." Kwa panya, huruma ya aina hiyo inaishia kwa maiti nyingi zaidi.

Nitakueleza jinsi inavyokuwa kwa watu, maana hesabu peke yake haina uso.

Ploti yetu ina vyumba kumi na vinane, vimepangwa pande mbili za koridoo moja. Kuta za ndani zinaishia kabla ya bati, kwa hivyo dari ni moja tu kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Unalipa kodi ya chumba chako, lakini juu ya kichwa chako kuna barabara ya umma. Panya akikimbia usiku unaweza kumsikia akianza nambari 1 na kumalizia nambari 9, kama matatu isiyo na stejini.

Mwaka huu, Januari, mzee wa nambari 3 alitusimamisha pale kwenye bomba la maji. Amefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya mahindi na hana maneno mengi. Alisema tuchange shilingi 100 kila mlango, tununue wavu wa chuma na saruji kidogo, tuzibe pale maji machafu yanapotokea, tununue pipa lenye kifuniko, na mitego michache ya darini. "Wanangu, panya ni kama deni," alisema. "Lilipeni likiwa dogo."

Jirani mmoja akacheka kwa heshima. "Mzee, shikamoo, lakini hii si ni Njaanuari? Hata unga hatujanunua, tumnunulie panya saruji?" Mwingine akauliza, "Panya gani? Mimi sijamwona hata mmoja tangu Krismasi." Na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mchango ukafa hapo hapo.

Mvua ilipokuja, mtoto wa nambari 7, wa miezi minane, aliumwa kidole cha mguu usiku. Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana mtu hahisi mpaka asubuhi. Sijui kama anapuliza. Ninachojua ni kwamba mama yake aliona damu kwenye shuka kulipopambazuka, akampeleka kliniki, na jioni akarudi na pakiti mbili za sumu. Hakuna mtu angemlaumu. Angekuwa wangu ningenunua nne.

Siku chache baadaye paka wa nambari 11 akafa. Alikuwa wa msichana wa darasa la nne, paka wa rangi ya chai ambaye sote tulimlisha vichwa vya omena. Inaonekana alikula panya aliyekwisha kula sumu. Mama wa msichana akatoka koridooni akiwa amemshika paka kwa gunia, na yule mama wa nambari 7 akatoka akiwa amembeba mtoto mwenye bendeji mguuni. Yalisemwa mengi, lakini neno nililobaki nalo ni moja tu: "Niambie basi, mama, ni paka wako ama ni mtoto wangu?"

Hakuna jibu la swali hilo. Bila shaka ni mtoto. Lakini yule msichana alikuwa amesimama pale akisikiliza, na huwezi kumwambia kwamba hesabu imetoka sawa. Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na nadhani kosa lake ni tarehe. Aprili ulikuwa umebaki na vitu viwili vya kuchagua, paka ama mtoto. Januari kulikuwa na cha tatu, nacho kilikuwa shilingi 100.

Hapo ndipo ninapoona maadili ya jambo hili yalipo. Tumezoea kufikiri kwamba maadili huanza pale uamuzi unapokuwa mgumu: njia panda, usiku, mtu amesimama hajui aende wapi. Somo lile nililolisoma chuoni lilikuwa limejaa njia panda za aina hiyo, treni na watu waliofungwa kwenye reli. Hakuna aliyetuuliza nani aliwaacha wale watu wafungwe kwenye reli, na alikuwa wapi wiki iliyotangulia. Sehemu kubwa ya wajibu wetu iko katika wiki hiyo iliyotangulia, siku ambayo hakuna kinachouma na uamuzi ni rahisi mpaka unachosha. Kuchelewa hakukufanyi uwe mkatili. Kunakuondolea njia zisizo za kikatili, moja baada ya nyingine, mpaka ubaki na sumu mkononi.

Na sumu yenyewe tuiseme vizuri. Dawa nyingi za panya ni za jamii ya warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya Marekani mwaka 1948. Inazuia damu isigande. Panya anakula leo, anaendelea na shughuli zake, kisha baada ya siku kadhaa anavuja damu ndani kwa ndani hadi anakufa. Kuchelewa huko ni kwa makusudi. Panya ni mwenye shaka. Anaonja chakula kipya kidogo kidogo, na kama mmoja angeanguka papo hapo kando ya chambo, wengine wasingekigusa. Kwa hivyo wataalamu wakatengeneza kifo kinachofika kikiwa kimesahau kilikotoka. Kuna pia gundi ya kwenye kartoni, ambayo panya hunasa akiwa hai, akalia usiku kucha, na asubuhi mtu anakunja kartoni na kuitupa kwenye taka akiwa bado anapumua. Nimeona watu wapole kabisa wakifanya hivyo, watu wanaosali.

Jeremy Bentham, Mwingereza aliyechapisha hoja yake mwaka 1789, alisema kipimo cha jinsi tunavyomtendea mnyama hakiko katika akili yake wala usemi wake, kiko katika uwezo wake wa kuumia. Panya anaumia, sidhani kuna aliyesikia ile gundi anayebisha. Lakini pia mtoto anaumia, na mkojo wa panya ukichanganyika na maji ya mafuriko unaambukiza homa ya leptospirosisi. Mwaka 2022 mkoa wa Lindi, Tanzania, ugonjwa huo, ambao huko wanauita homa ya mgunda, uliua watu watatu. Kwa hivyo sikuambii umpende panya. Nakuambia hivi: ukiamua kumletea kiumbe maumivu, maumivu hayo yanunue kitu. Yasiponunua kitu, umetesa tu.

Na kuua Aprili, kila mtu kwa mlango wake, kunanunua nini? Usingizi wa wiki mbili. Miaka ya 1940, mjini Baltimore, Marekani, mtafiti David E. Davis na wenzake walihesabu panya wa mitaa mbalimbali. Waligundua kwamba ukiua tu, idadi inarudi pale ilipokuwa, kwa sababu waliobaki wanapata chakula zaidi na nafasi zaidi, wanazaa zaidi, na wengine wanahamia. Kilichoshusha idadi na kuiacha chini ni kupunguza taka na kuziba maficho. Idadi ya panya wa mtaa huamuliwa na pipa la taka. Kwa hivyo ukiua bila kugusa pipa wala tundu, wale uliowaua wamekufa bure, na mwakani utaua tena idadi ile ile, mwaka baada ya mwaka. Kama kuna jambo ambalo mtu anayechukia panya na mtu anayewahurumia wanapaswa kukubaliana, ni kwamba huo ni upuuzi.

Utaniuliza: lakini ni haki kweli kumwua panya wa Januari, ambaye hajamuuma mtu? Yule wa Aprili angalau ana kesi. Nimelipima hilo. Naona linatokana na dhana kwamba tunamwadhibu panya, na panya haadhibiwi. Hakutenda kosa Januari, wala hakutenda kosa Aprili. Alikuwa na njaa na kulikuwa na mguu. Mkono unaompiga Aprili una kisasi ndani yake, ndiyo maana unapiga kwa nguvu na unapiga ovyo. Januari hakuna kisasi, kwa hivyo mtu anaweza kufikiri. Na akifikiri, ataona kwamba kazi kubwa ya Januari hata si kuua. Ni kufunika pipa, kuziba tundu, kutoacha sufuria ya githeri wazi. Panya wengi wa Aprili hawatahitaji kuuawa kwa sababu hawatazaliwa, na asiyezaliwa haumii.

Tatizo ni kwamba asiyezaliwa pia haonekani, na kisichoonekana hakina wa kukilipia. Hilo lina historia ndefu, na sehemu yake iko hapa hapa Nairobi.

Mji huu ulikuwa na miaka mitatu tu, kituo cha reli na mabanda, tauni ilipozuka mwaka 1902 kwenye soko la Wahindi. Soko lilikuwa limesongamana, halina mitaro ya maana, na watawala walikuwa wameliona hivyo siku zote. Ugonjwa ulipofika, ofisa wa afya aliamuru lichomwe. Maduka na nyumba zikateketea. Lakini moto unachoma nyumba. Panya ana miguu. Tauni ilirudi mjini miaka iliyofuata, na mwaka 1913 mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, alitumwa Afrika Mashariki, akapendekeza watu wa rangi tofauti watengwe kila mmoja na mtaa wake. Walioshindwa kuchimba mtaro kwa wakati waliamua kwamba shida ni watu.

Mwaka huo huo wa 1902, Wafaransa waliokuwa wakitawala Hanoi walikuwa na panya kwenye mitaro yao mipya ya majitaka. Wakatangaza malipo kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Mikia ikaja kwa maelfu. Kisha wakaanza kuona panya wanaotembea mjini bila mikia, wamekatwa na kuachiliwa wakazae, na nje ya mji wakakuta watu wanafuga panya. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho kuhusu ujanja wa watu wa chini. Mimi namwona mtu aliyeelewa kwamba serikali inalipia panya aliyekufa, hailipii mtaa usio na panya. Muuza dawa wetu naye yuko katika biashara hiyo hiyo, na simlaumu. Hakuna anayemwita Februari amlipe kwa ajili ya panya ambaye hayupo.

Tazama sasa jinsi tunavyofanya mambo mengine. Mitaro inazibuliwa maji yakishaingia nyumbani na kamera zikishafika. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili na Mei yalipoisha kuua watu, ndipo waliokuwa wakiishi karibu na mito walipoambiwa waondoke, na nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa mvua ikiwa bado inanyesha. Waliokuwa wamejenga hapo walijulikana kiangazi chote. Sitaki kulinganisha watu na panya. Walinganishaji walikuwepo mwaka 1902 na tunajua walipofikia. Ninacholinganisha ni kalenda. Anayetenda tu wakati kitu kimeshauma ataishia kutumia moto, sumu ama tingatinga, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyobaki.

Na hapa lazima nimtetee yule jirani aliyecheka. Kuna uovu mdogo uliofichwa katika kumwambia maskini apange mapema. Miezi ambayo ni mizuri kwa kupunguza panya, Januari na Februari, ndiyo miezi ambayo mfuko umekauka kuliko mwaka mzima: karo, sare, kodi iliyorundikana tangu sikukuu. Hatukuiita Njaanuari kwa mzaha. Mtu anayehesabu shilingi hadi jioni hana anasa ya kununua usingizi wa miezi mitatu ijayo. Kuona mbali kunagharimu, na bei yake ni kubwa zaidi kwa asiye nacho. Ukimwambia amekosa maadili kwa kutochanga, umemlaumu mtu kwa kalenda ambayo hakuiandika.

Ndiyo maana naona wajibu wa Januari unaanza kwa aliye na pesa Januari. Mwenye nyumba anayepokea kodi kumi na nane kila tarehe tano anaweza kununua mfuko mmoja wa saruji. Kanjo wanaotoza ushuru kila siku sokoni wanaweza kuzoa taka Februari kama wanavyozoa mgeni mkubwa anapokuja. Sisi wapangaji tunachoweza ni kuhamisha tarehe yetu. Vuli inaanza Oktoba. Agosti na Septemba ni mikavu, panya wanabanwa tena, na mifuko yetu si mizuri lakini si ya Januari. Mzee wa nambari 3 ameshaliona hilo. Mchango wetu sasa ni wa Septemba, shilingi 100 kwa mlango: wavu wa chuma, saruji, pipa lenye kifuniko, na zile waya za kusugulia sufuria za kujaza matundu madogo, maana panya hutafuna mbao na plastiki lakini zile humshinda.

Kuna methali isemayo panya wengi hawachimbi shimo. Maana yake tunaijua: wakiwa wengi, kila mmoja anamngoja mwenzake. Nimewaangalia panya wetu, na nadhani methali inawaonea. Wanachimba vizuri sana. Wanaongojana ni sisi, vyumba kumi na vinane chini ya dari moja, kila mmoja akiwa na haki kamili ndani ya mlango wake.

Kumi na sita wameshatoa. Nambari 11 alitoa wa kwanza, nambari 7 akamfuata. Kijana wa nambari 14 amekataa, na hoja yake ni nzuri: yeye hapiki chumbani, hana chakula, hana mtoto, na tangu Juni hajaona hata kinyesi cha panya. "Nilipie kitu ambacho sina?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, na kwamba huu ndio mwezi pekee ambao anaweza kukilipia kabla hajakipata. Alisema atafikiria. Oktoba ni wiki tano.